Dua kwa Bibi wa Tura

Treni ya Dar ilikuwa imeshapiga honi, na stesheni ya Tabora haipitiki kwa magunia na watu wanaoagana kwa kelele. Asmahani, muuguzi wa zahanati moja ya Mtendeni, alikuwa akirudi nyumanyuma kumpisha mchukuzi, kisanduku cha chanjo begani, alipokumba dumu la asali la mwanamume mmoja. Kifuniko kikaruka, asali ikamchuruzika kwenye gauni lake jeupe.

"Pole, dada! Nyuki watakufuata mpaka Itetemia."

"Utalifua wewe, kaka, na hao nyuki wakiwa humohumo."

Mwanamume akacheka, na cheko lake lilikuwa zuri, hilo halina ubishi. Alivaa kanzu ya kahawia iliyonyooka kwa pasi na kofia ya kushonwa kwa mkono. Aliitwa Idrisa, mfanyabiashara wa asali, aliyefiwa na mkewe. Alikuwa akimsafirisha binti yake, Mwanahawa, kwenda Tura.

"Anakwenda kumuuguza bibi yake," alisema. "Na wewe umebeba nini?"

"Chanjo. Wiki hii tunapita shuleni kuwakinga mabinti na kirusi cha HPV, kile kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi."

"Aa," alisema Idrisa, akamsukuma binti yake ndani ya behewa.

Kabla ya kuagana Idrisa aliomba namba yake; jioni hiyohiyo simu ikaita, na tangu hapo haikupoa.

"Bibi anaendeleaje?" Asmahani alikuwa akiuliza kabla ya yote.

"Afadhali kidogo, laazizi."

"Nimemwombea dua alfajiri."

"Basi nitakuoa kabla hajapona, dua zako zihamie kwangu."

Mwanahawa alirudi wachanjaji walipokwisha kumaliza shule zote. Shangazi yake Idrisa akapeleka posa, ikakubaliwa. Asmahani akaanza kuimba akiwa jikoni, na sauti hana.

Katikati ya furaha hiyo akaenda kupimwa mlango wa kizazi, jambo aliloliahirisha miaka, maana wauguzi huwahimiza wengine wakajisahau wenyewe. Kirusi kilikuwepo, na chembe za mlango wa kizazi zilikuwa zimeanza kubadilika. Haikuwa saratani. Alitibiwa mapema, daktari akamtoa hofu. Akaona mwanamume anayemuoa ana haki ya kujua, akamfuata dukani.

Idrisa alisikiliza huku akifuta mizani ambayo haikuwa chafu.

"Kirusi hicho kinapatikana kitandani, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Nani alikupa?"

"Niliwahi kuolewa, unajua. Kinaweza kukaa mwilini miaka bila dalili. Wengi tunakipata, wake kwa waume, na mara nyingi mwili unakiondoa wenyewe. Hakuna awezaye kujua alikipata kwa nani."

"Mwanamke mwenye haya angejua."

Asmahani aliona uso unamwaka moto. "Marehemu mkeo aliumwa nini?"

"Tumbo."

"Tumbo gani, Idrisa?"

Idrisa akaanza kufunga duka. Kesho yake shangazi akaja kuivunja posa, na chai akanywa vikombe viwili. Mtendeni nzima ikapata la kuzungumza.

Mwezi ukapita. Kisha Idrisa akatokea zahanati, amekonda, dumu la asali mkono mmoja, Mwanahawa mkono wa pili.

"Nimemuuliza dada yake marehemu," alisema. "Ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi. Waliona haya, wakaniambia tumbo. Huenda kirusi nilimpelekea mimi. Nisamehe, Asma wangu. Turudi tulipokuwa."

Moyo wa Asmahani ukalainika. Alikuwa ameimisi sauti ile mpaka akajichukia. Neno la kukubali lilikuwa mdomoni. Akamgeukia kwanza mtoto, amsalimie kama mwanawe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Bibi wa Tura ameshapona kabisa?"

"Bibi? Mbona hakuumwa! Tulikuwa tunavuna karanga. Baba alisema nikae huko mpaka wachanjaji waondoke, wasije wakanifunga kizazi."

Idrisa akainamisha kichwa.

"Nilimwombea dua," Asmahani alisema polepole. "Kila alfajiri."

"Niliogopa, Asma. Watu walikuwa wanasema..."

"Kila jioni ulikuwa na mchanjaji kwenye simu yako. Hukuniuliza hata siku moja! Chanjo haifungi kizazi. Inamkinga na kile kilichomuua mama yake."

"Mchanje basi. Leo hii."

Mwanahawa alikuwa na miaka kumi na minne. Bahati yake, umri wa kuchanjwa haukuwa umempita. Akafumba macho, akauma kanga yake, sindano ikaingia na kutoka.

"Tayari, mwanangu. Ukiwa mtu mzima bado uje kupimwa, umesikia?"

"Na mimi je?" Idrisa aliuliza.

"Tusi lako nimekusamehe, wallahi nimekusamehe. Lakini ulinidanganya juu ya mwanao, kwa sauti tamu vile, na mimi nikawa nainua mikono kuomba. Sitapata usingizi nyumbani kwako."

Idrisa akaokota dumu lake. Mlangoni Mwanahawa akageuka, ameshika bega lililochomwa sindano.

"Utakuja lini nyumbani, mama?"

Asmahani alitaka kumdanganya, akashindwa.

"Msalimie bibi wa Tura," alisema, akafunga mlango, akalia.