Jina la Kumi na Mbili

Siku wageni walipokuja kumpa heshima yake, Lalla Kheira alikuwa amechoka tangu alfajiri. Haukuwa uchovu wa siku moja. Ulikuwa ule wa miaka thelathini na moja ya kufungua makasha, kupangusa vitabu, kufukuza mchwa na kufunga makasha. Sisi majirani zake hapa Tamentarga, kijiji chetu cha jangwani, tulimzoea akipita na ufunguo wa mbao kiunoni, mgongo umeinama kidogo, akijibu salamu kwa neno moja. Ukimuuliza hali, alisema, "Nipo. Siku nikifa nitalala." Tulicheka. Yeye hakuwa anatania. Kulala ndicho kitu pekee alichokuwa anakisubiri duniani.

Kazi ile Kheira aliipokea baada ya kaka yake Abdelkrim kufariki. Chumba cha vitabu ni wakfu wa ukoo wao, karne tatu na ushei: vitabu mia nne na kitu, vimehifadhiwa katika makasha ya mti wa mtende, ndani ya kuta za udongo zisizo na dirisha ila tundu moja la paa. Wanaume wa ukoo walikwenda mijini, kila mmoja na udhuru wake. Akabaki Kheira, wakati huo na miaka thelathini na mchumba aliyekuwa anangoja jibu. Mchumba akangoja miaka miwili, akachoka, akaenda kuoa mjini Timimoun.

Ukurasa wa mwanzo wa kitabu kikuu umeandikwa majina ya watunzaji. Mtunzaji haandikwi akiwa hai. Anayempokea ndiye humwandika, akitoka makaburini, kabla hajanawa mikono. Yalikuwa majina kumi na moja, na la kumi na moja, la Abdelkrim, Kheira aliliandika mwenyewe huku machozi yakimdondoka. Upande wa pili wa karatasi hiyohiyo kuna hati nyingine: majina ya watumwa arobaini walioachwa huru siku moja mbele ya mashahidi. Nakala nyingine haipo. Messaouda, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, jina la bibi wa bibi yake limo humo. Hajui kusoma, lakini kila mwaka siku ya kuanika vitabu juani alikuja, akaoneshwa mstari wake, akautazama, akarudi jikoni kwake.

Wageni walikuwa watu wa chama cha wapenda nyaraka, wametoka mji mkuu. Mimi sitawasema vibaya, walikuja na moyo mweupe. Mwenyekiti wao, Boualem, alihutubia uani karibu saa nzima. Alisema bila watu kama Lalla Kheira sisi tungekuwa watu wasio na jana. Wakamvika joho jeupe la burnusi, wakampa cheti chenye fremu. Kheira alisimama akiwaza miguu yake. Kisha akaingia jikoni kupakua kuskusi, maana mwenye nyumba haachi wageni na njaa, na chumba cha vitabu akakiacha wazi ili wapate kuangalia.

Walipomaliza kula, Boualem alitokeza na kitabu kikuu juu ya viganja viwili.

"Lalla Kheira, tuna zawadi moja zaidi!"

"Zawadi tena? Nyie mtaniua na zawadi," Kheira alisema, na watu wakacheka.

"Watunzaji wote wameandikwa humu isipokuwa wewe. Miaka thelathini na moja, hata mstari mmoja! Tumekuja na mwandishi wetu wa hati, fundi kweli kweli. Tumelirekebisha hilo."

Akafunua. Chini ya jina la Abdelkrim palikuwa na jina la kumi na mbili, kwa hati nzuri kuliko zote zilizolitangulia. Kheira binti Mohamed. Wino ulikuwa bado unang'aa.

Watu wa mjini walipiga makofi. Watu wa Tamentarga hawakupiga. Messaouda alikuwa ameshika birika la chai. Akaliweka chini polepole, akamsogelea Kheira sikioni.

"Kheira," alinong'ona. "Nani kafa?"

Boualem aliona nyuso zimebadilika. "Hukufurahi, mama?"

"Nimefurahi, Bwana Boualem. Nimechoka tu."

Angemwambia nini? Mgeni kaja siku mbili njiani kukuheshimu, utamwambia kakuzika?

Siku ya kwanza baada ya wageni kuondoka hakukuwa na kitu. Ya pili, Kheira aliingia asubuhi na tambara lake, akakuta makasha matatu yamekwisha kupanguswa. Vumbi lilikuwa limekusanywa karibu na mlango, rundo dogo, vilevile anavyokusanya yeye. Akadhani amefanya mwenyewe akasahau. Siku ya tatu makasha yalikuwa saba. Baadaye alimkiria Messaouda jambo hili: alifurahi. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kumsaidia hata siku moja, na asubuhi hiyo aliketi kizingitini, mikono imelala mapajani, akaona raha mpaka akaona haya.

Siku ya nne alikunywa chai kwa Messaouda. Mwezi wa Mei ulikuwa unakwisha, na joto la huku linajulikana. Mbuzi walikuwa wamelala hoi kivulini.

"We, mbona hutoki jasho?" Messaouda aliuliza.

Kheira akajigusa paji la uso. Lilikuwa kavu. Kavu na baridi.

"Uzee huo."

"Umezeeka tangu juzi?"

Messaouda alimmiminia glasi ya kwanza, ile chungu, ikitoka motoni. Kheira akaimeza yote kwa mkupuo mmoja na kurudisha glasi. Messaouda aliipokea, akapiga ukelele, akaiachia. Vidole vyake vilibabuka. Midomo ya Kheira haikuwa na hata alama.

Siku ya tano, adhuhuri, kijiji kizima kilikuwa kimelala. Jua lilikuwa utosini. Hata nzi hawakuruka. Kheira alikuwa amejilaza ukumbini, macho wazi, aliposikia mtu akikohoa katika chumba cha vitabu.

Kilikuwa kikohozi cha vumbi. Alikijua. Alikuwa amekisikia kwa miaka kumi kabla hajapokea ufunguo.

Akainuka. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje. Ufunguo ulikuwa kiunoni mwake. Akaweka sikio kwenye ubao. Karatasi iligeuzwa. Nyingine ikageuzwa. Tambara lilipita juu ya ngozi ya jalada. Na pumzi. Pumzi za watu wengi, nzito, kama za watu waliobeba mizigo tangu asubuhi.

Akarudi nyuma hatua moja. Lakini mule ndani mlikuwa na vitabu, na vitabu vilikuwa dhamana yake.

Akafungua.

Mwanga wa tundu la paa ulianguka katikati ya chumba. Pembeni, kwenye makasha, wanaume walikuwa wamechuchumaa. Aliwahesabu bila kutaka. Kumi na moja. Sanda zilikuwa zimewachakaa magotini. Hakuna aliyegeuka. Walipangusa. Walifunua, wakapuliza, wakafunua. Macho yao yalikuwa mekundu kwa vumbi. Mmoja, wa mbali kabisa, vidole vyake vilikuwa vimelika mpaka pingili za mwisho, na bado alikuwa anapangusa. Kati yao palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Tambara lilikuwa limewekwa tayari.

Aliyekuwa karibu na nafasi ile alikuwa Abdelkrim.

"Kaka," Kheira alinong'ona.

"Funga mlango. Vumbi linaingia."

"Hamlali?"

Karatasi ikageuzwa.

"Abdelkrim, wallahi niambie. Hamlali?"

"Watu hulala," alisema bila kuinua kichwa. "Walioandikwa hawalali."

Akashika ukuta.

"Mimi ndiye niliyekuandika."

"Najua."

Hakumlaumu. Sauti yake haikuwa hata na nguvu za kulaumu, na hilo lilimchoma Kheira kuliko tusi lolote. Miaka thelathini na moja alikuwa akijipa moyo kwamba angalau kaka yake amepumzika.

"Na jina langu likitoka?"

Ndipo Abdelkrim alipoinua macho. Lilikuwa jambo la kusikitisha kuyaona.

"Utalala," alisema. "Lakwangue. Una mpaka kesho adhuhuri."

Kheira alikibeba kitabu kikuu uani, akakiweka juu ya mkeka, akaleta kile kisu chembamba cha kukwangulia wino. Wino wa yule fundi wa mjini ulikuwa umezama sana, na karatasi ilikuwa nyembamba. Akauinua ukurasa juani apime unene wake.

Jua likapenya. Nyuma ya jina lake, mahali palepale, yakatokeza maandishi ya upande wa pili: Mbarka binti Faraji, huru yeye na kizazi chake.

Ulikuwa mstari wa Messaouda.

Alikaa na kisu mkononi mpaka adhana ya alasiri. Nani angejua? Messaouda hakujua kusoma. Mwakani angeoneshwa mstari mwingine wowote, angeutazama, angeridhika, angerudi jikoni kwake. Kheira aligusa wino kwa ncha ya kisu, akaiondoa. Akagusa tena. Aliutaka usingizi ule jinsi mtu wa jangwani anavyotaka maji. Alilia kwa hasira. Aliwalaani wageni na makofi yao. Akailaani hati nzuri ya fundi. Kisha akafunga kitabu, akaenda kwa Messaouda na kitabu kwapani, akamweleza kila kitu.

Messaouda alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akaruka.

"Kwangua!"

"Ukurasa utatoboka."

"Utoboke! Bibi Mbarka alishakufa zamani, na mimi niko huru, watoto wangu wako huru. Nani atakuja kunirudisha utumwani, we mwehu? Lete kisu nikwangue mwenyewe."

"Leo hayupo," Kheira alisema. "Kesho simjui atakayekuwepo."

"Kheira, nakuomba. Mimi nakuomba."

"Mkikosa hilo jina, mtakuwa mnasema tu kwamba mko huru. Kila mtu anasema. Huyu kaandikwa."

"Na wewe je?"

Messaouda anasema hajawahi kuona uso umechoka namna ile, si wa mgonjwa, si wa mwanamke aliyetoka kujifungua.

"Nadjia akija, mpe ufunguo," Kheira alisema. Nadjia ni binti wa Abdelkrim, muuguzi wa hospitali mjini Adrar, ambaye kila alipotajiwa ufunguo ule alibadilisha mazungumzo. "Mwambie mimi ndiye wa mwisho. Asimwandike mtu tena, na yeye mwenyewe asikubali kuandikwa. Hata wakija na burnusi za dhahabu."

"Lala kwangu leo."

"Niende nikakirudishe kitabu. Hewa ya huku jikoni ina mvuke."

Kesho yake, adhuhuri ilipopita, Messaouda alibisha mlango, akasukuma. Alimkuta Kheira ameketi kizingitini mwa chumba cha vitabu, mgongo umeegemea ubao, kichwa kimeangukia begani. Mlango ulikuwa umefungwa, ufunguo uko kiunoni. Alipofungua, kitabu kikuu kilikuwa kashani mwake, ukurasa wa mwanzo mzima, haukuguswa. Alikuwa amekufa, na mwili wake ulikuwa baridi katika joto ambalo hata mawe hayapoi.

Nadjia alifika alasiri. Alimpima shangazi yake kama alivyozoea kupima watu, akasema ni moyo, akasema ni joto. Wakaingia kumwosha: yeye, Messaouda, na mwanamke mwingine wa mtaani ambaye ndiye aliyenisimulia sehemu hii, nami sina sababu ya kutomwamini.

Mwili uliosheka vizuri. Mikono ndiyo haikutakata.

Chini ya kucha palikuwa na vumbi la kijivu, lile la karatasi kuukuu. Waliosha mara tatu. Likaondoka. Walipogeuka kuchukua kitambaa, lilikuwa limerudi. Wakaosha mara ya tano. Nadjia akaleta brashi na sabuni ya hospitali, akasugua kila kidole huku akilia, maji yakawa meusi, vidole vikawa vyeupe. Akaviweka chini. Vikabadilika mbele ya macho yake, taratibu, kuanzia nchani.

"Halitoki," alisema. "Mama Messaouda, halitoki."

"Mara ya saba," Messaouda alisema. "Kisha tunamvisha."

Wakaosha mara ya saba. Wakamvisha sanda, nguo tano, moja juu ya nyingine, pamba safi. Wakafunga kamba. Uani wanaume walikuwa wamekwisha kusimama na jeneza.

Basi pale mikono ilipolala, juu kabisa ya sanda nyeupe, likatokeza doa la kijivu. Likatokeza la pili. Yakawa kumi.

Nadjia alishika kamba kutaka kuifungua, aanze upya. Messaouda akamshika mkono. Vidole vyake mwenyewe vilikuwa bado na malengelenge ya ile glasi ya chai.

"Mwache, mwanangu," alinong'ona. "Keshaanza kazi."