Siagi ya Njugu Sokoni Chwele

Kila asubuhi ya likizo, Mary Ann alimsaidia mama yake, Wakonyo, kukaanga njugu nyumbani kwao Tuwan, mjini Kitale. Mama alizisaga, akatia sukari na kuwauzia majirani siagi hiyo. Majirani waliipenda mno, na Mary Ann akajiona mtaalamu, ingawa kazi aliyoipenda zaidi ilikuwa kulamba mwiko.

Siku moja mama alimpa daftari. "Leo ni siku ya soko Chwele. Waonjeshe watu, uwaulize wanaionaje, uandike wanavyosema. Wakiipenda, nitasaga gunia lote."

Gunia lilikuwa moja tu, na akiba yao yote ilikuwa humo.

Sokoni, Mary Ann alimpa kila mtu kipande cha mkate kilichopakwa siagi, kisha akauliza, "Ni tamu, sivyo?"

Wote walijibu kwamba ni tamu sana. Hata Mama Nanyama, muuza vitunguu, alisema hivyo, lakini baada ya kuuma mara moja alikifunga kipande chake kwenye karatasi na kukiweka kando. Mary Ann alimwona. Hata hivyo, aliandika: tamu sana.

Jioni mama alisoma daftari huku akiimba. "Kesho tunasaga," alisema.

Mary Ann alisukuma sahani yake kando. Aliona aibu. "Mama, usisage bado. Kuna mtu hakumaliza, nami sikuandika. Nilitaka ufurahi."

Mama alifunga daftari. "Afadhali umesema kabla sijasaga. Tutarudi tukamuulize."

Siku ya soko iliyofuata walimwendea Mama Nanyama.

"Mama, ile siagi hukuimaliza," Mary Ann alisema. "Tafadhali tuambie ukweli. Hatutakasirika."

Mama Nanyama alicheka. "Wewe, si ulinipa chakula kwa mkono wako? Ningekwambia aje ati ni kibaya? Huko ni kukosa adabu. Lakini ile sukari ilinishinda. Sisi njugu tunaunga nazo mboga. Mboga na sukari, bana?"

Mary Ann alifungua ukurasa mpya. Safari hii hakumwonjesha mtu. Aliuliza tu, "Nyumbani, njugu zilizosagwa mnazila na nini?" Wengi walitaja mboga. Wawili walisema hawazitaki kabisa, naye akaandika hivyo hivyo.

Mama alisaga robo ya gunia bila sukari, akatia chumvi kidogo, akaijaza siagi hiyo mikebeni. Kabla ya saa sita mchana wa soko lililofuata, mikebe yote ilikuwa imekwisha. Mama Nanyama alichukua miwili.

"Umejifunza nini?" mama aliuliza wakifunga vitu vyao.

"Nisimpe mteja jibu ninalolitaka mimi."

"Na jibu likituuma, tuliandike vilevile. Jibu la kweli ndilo lililookoa gunia letu." Mama akatabasamu. "Haya, niambie na mimi. Chai yangu ya asubuhi uliionaje?"

Mary Ann alifikiri kidogo. "Maziwa yalikuwa machache, mama."

Mama alicheka mpaka akaketi. "Andika," alisema.