Vyumba Ndani ya Gitaa

Kyengo aligonga ubao mara moja kwa kifundo cha kidole, na ubao ukaitika mara mbili.

Alikuwa kwenye yadi ya Salim, muuza mbao wa Ruiru, jua la mchana likiwaka. Fundi wa gitaa hugonga kila ubao kabla ya kuuchukua. Mti mzuri hulia kama kengele iliyo mbali, mbaya hulia kama sanduku. Huu ulilia vizuri. Kisha, pumzi moja baadaye, ukagongwa kutoka ndani.

"Hiyo imetoka Kongo," Salim alisema, bila kusogea karibu. "Ni nyekundu hivyo hivyo, haijapakwa kitu. Lakini sitakudanganya, fundi. Imerudishwa mara mbili."

"Ilikuwa na ufa?"

"Haikuwa na ufa. Walirudisha tu, na hakuna aliyeniambia sababu."

Kyengo hakuuliza zaidi. Kwa miezi minane hakuwa akijali mambo mengi. Alitaka wekundu ule kwa sababu binti yake Dianah ndiye aliyeuchagua.

Dianah alikuwa akipiga gitaa kanisani kwao Kamenu, mjini Thika, hadi alipoanguka na bodaboda kwenye barabara ya Gatuanyaga akavunjika bega. Bega lilipona vibaya. Kila gitaa la umeme alilojaribu lilimlemea kabla ibada haijafika katikati. Basi akachora la kwake kwenye kadibodi: nyuma mkangazi, juu ubao mwekundu, na ndani, kabla ya kufunikwa, kuchimbwe vyumba viwili vitupu ili liwe jepesi.

"Utanitengenezea, baba?"

"Sikukuu ikiisha. Saa hii kazi ni nyingi."

Sikukuu ilipoisha Dianah alishikwa na nimonia, na siku ya nne akafa. Alikuwa na miaka ishirini na miwili.

Karakana ilikuwa nyuma ya nyumba. Kyengo alikata mkangazi kwa kufuata ile kadibodi, akashika ruta, mashine ya kuchimbia mbao, akachimba vyumba viwili, kimoja kila upande. Akalaza ubao mwekundu juu yake bila gundi, aone tu unavyokaa. Hapo ikatoka harufu isiyo ya mti wowote. Ilikuwa harufu ya nywele zilizotoka kusukwa, mafuta na joto la kichwa. Akainama. Ndani, mtu alikuwa akiimba kwa puani bila maneno, jinsi Dianah alivyoimba akiosha vyombo.

"Baba," sauti ikasema. "Hapa ni padogo."

Mtu mwingine angekimbia. Kyengo alikaa chini kwenye vumbi la mbao akalia, kisha akainuka, akawasha mashine, akachimba chumba cha tatu.

Kesho yake mkewe Ndila, aliyekuwa akishona sare za shule sebuleni, alimletea chai. Alifika mlangoni akasikia. Kikombe kilimponyoka, naye hakukitazama kikianguka. Hakuuliza ni nini. Alivuta kiti, akakaa, akalaza sikio juu ya ubao.

"Mama Dianah," Kyengo alimwita kwa sauti ya chini.

"Nyamaza, anaongea."

Tangu siku hiyo cherehani haikusikika tena. Ndila alishinda karakanani na gitaa hilo lisilo na nyuzi mapajani, akinong'ona na kutulia, kama anayengoja kujibiwa. Alianza kula kidogo, halafu akaacha kabisa. Kila siku sauti iliomba nafasi, na kila siku Kyengo alichimba, mpaka kuta za mkangazi zikawa nyembamba hata mwanga wa mlangoni ukawa unapenya.

Alasiri ya Jumapili, mvua ikipiga mabati, aliingia akamkuta mkewe amekumbatia bodi ya gitaa kifuani, macho wazi, midomo imefungwa, na ule wimbo wa puani ukiendelea, lakini haukutoka tena kwenye mti, na Kyengo akasogea hatua moja, kisha nyingine, akitamani awe amekosea, akanyoosha mkono na kuweka kiganja mgongoni mwa Ndila, palipokuwa na baridi kama sakafu, na pale chini ya kiganja, katikati ya mbavu, kitu kikagonga mara moja.

"Baba," sauti ya Dianah ikasema. "Kwa mama ni kupana."

Alimpigia Salim simu. Asubuhi Salim akamleta mama yake, Bi Mwanarusi, kutoka Mwihoko. Alikuwa mzee mfupi wa kutoka pwani, ambaye majirani humwita awasomee dua wagonjwa walioshindikana. Alisimama mlangoni, akanusa, akavua viatu.

"Huyo si mwanao," alimwambia Kyengo. "Alikuwa na mti wake. Ukakatwa, akabaki kwenye kipande. Wewe ukamjengea vyumba, na sasa ameona nyumba iliyo kubwa zaidi."

"Lakini mama, ana sauti yake."

"Aliikuta kwenu, akaivaa. Mimi siwezi kumvua. Akitoka, anatoka nayo."

"Atatoka nayo vipi?"

"Sijui atachukua kiasi gani. Nakuambia mapema usije ukanilaumu. Ukimwacha hapo, mkeo hafiki Ijumaa."

Kyengo alimtazama Ndila, mashavu yaliyobonyea, mikono iliyolipakata gitaa kama mtoto mchanga.

"Nifanye nini?"

"Uliyejenga ni wewe. Bomoa. Mimi nitasoma."

Bi Mwanarusi akawasha ubani, akakishika kichwa cha Ndila, akaanza kusoma. Kyengo alilinyakua gitaa mikononi mwa mkewe, akalibana kwenye meza, akashika msumeno.

Ndila alimrukia akamkwaruza shingo. Salim akamshika mabega.

"Baba Dianah, usimkate," Ndila aliomba. "Tafadhali. Anakusikia."

Chumba cha kwanza kilipofunguka sauti ilianza kulia. Cha pili, ikamwita kwa jina alilomwita alipokuwa mdogo, jina ambalo hakuna mtu nje ya nyumba ile aliyelijua. Cha tatu, ikasema polepole, bila kulalamika, "Baba, bega linaniuma," na Kyengo akasimamisha msumeno, jasho na machozi vikimdondoka juu ya mbao, na mzee akaongeza sauti ya kusoma, na kutoka kifuani mwa Ndila kukasikika kugonga, kugonga, kama mtu aliyefungiwa nyumba inayoungua, mpaka Kyengo akafumba macho akakata.

Upepo wa baridi wenye harufu ya nywele ulipita kati yao. Mlango ukajibamiza. Ndila akashusha pumzi na kuanguka.

Vipande vyote walivichoma uani. Jioni Ndila alikunywa uji nusu bakuli, na wiki iliyofuata akaanza kushona tena.

Siku moja, wakati wa chakula cha mchana, Ndila alikuja na simu yake akaiweka mezani mbele ya mumewe. Ilikuwa video ya ibada ya Pasaka mwaka uliopita, Kyengo mwenyewe ndiye aliyeirekodi. Gitaa lilisikika. Makofi yalisikika, na mtoto akikohoa viti vya nyuma. Dianah alikuwa amesimama mbele, mdomo wazi, shingo ikitikisika kwa wimbo, na hakuna kilichotoka.

Wakajaribu jumbe za sauti alizowahi kuwatumia. Sekunde zilihesabika, kimya.

"Wewe fanya vile alikuwa anasema 'baba'," Ndila alisema. "Fanya tu."

Kyengo alijaribu. Neno lilikuja, lakini kwa sauti yake mwenyewe. Alitafuta kichwani mwake mwote, miaka ishirini na miwili, hakuikuta sauti ya Dianah.

Ndila aliirudisha video mwanzo. Mwishoni, wimbo ukiisha, Dianah aliitazama kamera akasema kitu kifupi, akicheka.

"Hapo anasema nini? Si ni wewe ulikuwa umeshika simu."

Kyengo hakukumbuka.

"Alikuwa anauliza kama mama amefika," alisema.

Ndila akaiangalia tena ile midomo, na tena, akiitikia kwa kichwa polepole kama mtu anayesikia.