Mkeka Mmoja na Mkwe Wangu

Ilikuwa mwaka ule ambao bonde zima la Kilombero tulikula mahindi ya njano ya msaada, mpunga wetu umeozea majini. Mimi ni bibi wa miaka hamsini na nane, mkazi wa Ifakara, shule niliishia darasa la pili. Kiburi nilizaliwa nacho!

Binti yangu Skola aliolewa na Bakari, mvuvi wa Pangani aliyekuwa akija kwetu kununua mchele. Sikumtaka. Mvuvi! Skola alipojifungua nikapanda basi kwenda kumwona mjukuu.

Mji wenyewe umetulia, nyavu zimeanikwa hadi mlangoni. Mama yake Bakari, mjane mcheshi, alinitekea maji ya kuoga kwa mikono yake. Mchana akatandika mkeka, akaweka sinia moja la wali wa nazi na samaki. Tukae wote... na Bakari pia!

Wasomaji, sisi tuliolelewa upande wa Mahenge, mama hali pamoja na mume wa binti yake. Ni aibu kubwa. Ningewaeleza hivyo tu, wangenielewa. Sikueleza. Niliziba pua!

“Mimi shombo hainipiti kooni,” nikasema.

Mama yake Bakari akacheka. “Mkwe, shombo hiyohiyo ndiyo iliyomnenepesha binti yako!”

Sikucheka. Skola, mtoto yuko titini, akanisihi nionje hata tonge moja. Nikageuza uso. Bakari akainuka, akaenda zake ufukweni na njaa yake.

Baadaye Skola akaniuliza, ile ni mila au dharau? Nikajibu mila. Uongo mtupu! Nilitaka wamchukie, aachike, arudi kwangu. Mama gani anamwombea mwanawe hivyo? Naye alinisoma usoni. Tangu siku hiyo, kimya... hata salamu hakuniletea.

Wazazi wenzangu, nawasihi, chuki yenu msiivike nguo ya mila. Mkwe kama humpendi, nyamaza ule! Mimi nimeshachelewa.

Juzi Skola alikuja msibani kwa baba yake mdogo, akafikia kwa jirani. Kwa jirani, mimi nipo! Nikachinja bata, nikapika wali wa mpunga mpya, nikatuma aitwe. Akaja. Akaniamkia vizuri, akakaa kizingitini na mtoto wake.

“Karibu chakula, mwanangu.”

“Nimeshiba, mama.”

Ameshiba nini, na msibani bado walikuwa wanasonga ugali? Nikalia mbele ya mjukuu asiyenijua. Nikamwambia nisamehe, Skola, nilikosa mimi. Nikamsogezea sahani.

“Nimeshiba, mama.”