Kaseti Nane za Koko Dorothée

Kila siku baada ya shule, Solange alipita kwenye kibanda cha Papa Bonaventure, karibu na soko la Baraka. Hapo watu walichaji simu na kuwekewa nyimbo kwenye kadi za kumbukumbu. Solange alikuwa na miaka kumi na miwili na aliijua vizuri kompyuta ya kibanda hicho. Kwa hiyo bibi yake, Koko Dorothée, alimpa kazi ya kuingiza kaseti zake nane kwenye kadi moja ndogo ya simu.

Zilikuwa kaseti za kwaya ya akina mama wa Mboko, zilizorekodiwa kabla ya vita ya kwanza kufika kwao. Waimbaji wengi walikuwa wamekwisha kufa. Sasa watu walisema mapigano yanasogea kutoka Lulimba, na mtu anayekimbia hubeba mtoto na sufuria, habebi redio na kaseti.

"Kompyuta itakuuliza namba ya ubora wa sauti," Papa Bonaventure alimweleza. "Namba ndogo inafaa kwa hotuba. Ya muziki iwe kubwa, lakini inakula nafasi. Ukikwama, uniite."

Solange alijaribu 128. Kadi haikutosha. Hakumwita mtu. Alichagua 16, namba ya chini kabisa. Baada ya siku chache kaseti zote nane ziliingia na nafasi ikabaki, naye akaijaza nyimbo zake za kucheza.

Jioni Koko aliweka simu sikioni. Alikunja uso.

"Hawa banaimba ndani ya pipa?"

"Kaseti zimezeeka, Koko. Na kadi ni ndogo."

"Suzanne iko wapi? Dada yangu ndiye alishika sauti ya pili. Kwenye kaseti mi namusikia. Hapa hayuko!"

Jirani yao, Papa Norbert, alikuwa akifunga godoro lake kwa kamba. "Mama Dorothée, bantu banakimbia, na we uko unatafuta nyimbo? Acha hizo!"

"Siachi!" Koko alisimama. "Vita ilichoma nyumba yangu mara mbili. Ikaniulia dada. Hata sauti yake niiachie? Hapana! Hiyo sitoi!"

Solange alijua ukweli. Vita haikuwa imeigusa sauti ya Suzanne. Aliyeipoteza alikuwa yeye.

"Koko, nilidanganya," alisema. "Nilichagua namba ndogo ili nyimbo zangu zipate nafasi."

Koko hakumpiga. Alimshika mkono, akamrudisha kibandani. "Rudia hayo maneno mbele ya Papa Bonaventure."

Solange aliyarudia huku akitazama chini. Papa Bonaventure aliweka kaseti moja, akasikiliza kidogo.

"Hii ilirekodiwa kwa maikrofoni moja," alisema. "Kulia na kushoto ni sauti ileile, hakuna haja ya kuiandika mara mbili. Chagua mono, yaani sauti ya upande mmoja, kisha 64. Itachukua nusu ya nafasi ya ile 128, na hautapoteza kitu. Mutoto, ungeniuliza tu!"

Solange alifuta nyimbo zake zote, akaanza upya. Kaseti ya saa moja ilihitaji saa moja, hapakuwa na njia ya mkato. Watoto wenzake walimwita wakacheze, hakwenda. Kwa siku mbili alikaa karibu na jenereta, akisikiliza kila wimbo hadi mwisho. Kaseti ya nane ilipoingia, kadi ilijaa kabisa.

Asubuhi iliyofuata risasi zilisikika upande wa milima. Koko na Solange walitembea na watu wengine kando ya ziwa mpaka Mboko, wakapokelewa katika darasa la shule. Koko aliwasha simu. Sauti ya Suzanne ilitoka chini ya zile nyingine, nzito na safi.

"Zima hiyo, mama!" mwanamume mmoja alifoka. "Tuko kwenye matatizo, si kwenye harusi!"

Koko aliongeza sauti. Mama mmoja aliyelala kwenye mkeka aliinuka, akaanza kuimba pamoja na kwaya. Wa pili akafuata, kisha wa tatu. Yule mwanamume akarudi kwenye kona yake.

"Umesikia, Solange?" Koko alisema. "Kazi uliyoifanya kwa uongo tuliitupa. Uliyoifanya kwa ukweli, tazama, imewainua bamama. Ukikwama, uliza. Ukikosea, sema. Na kitu chako cha thamani, usikubali mtu akunyang'anye, hata kama amebeba bunduki."

Kisha akamwashiria asimame, aimbe naye.