Kamera Iliyomkaa Mkononi

Kamera zote dukani zilikuwa baridi, isipokuwa ile moja. Mpiga picha alipoishika, vidole vyake vikajipanga vyenyewe.

"Hiyo iache, dada," muuzaji alinong'ona. "Imerudishwa mara tatu. Chukua hii nyepesi."

"Si wewe uliyesema kamera haichaguliwi kwa macho, huchaguliwa kwa mkono? Basi mkono umeshachagua."

Sikio la kufa halisikii dawa, na huyu mama alikuwa nayo mawili.

Studio yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Mteja wa kwanza alitaka picha ya pasipoti. Mama akamwambia avute nywele nyuma, sikio lionekane, akalilenga, akabofya. Taa ilianguka ikalikata sikio lile, likabaki linaning'inia kwa ngozi. Bahati mbaya, mama alijisemea. Kesho yake mwingine alilengwa jicho. Kioo cha ukutani kikapasuka, kipande kikaingia humo humo. Chumba kikanuka nywele zilizoungua, na moto haukuwapo.

Mteja alipokimbizwa hospitali, mama alitaka kuiweka kamera chini. Vidole vikakataa. Mkono ukainuka wenyewe, ukamgeukia bintiye wa miaka saba aliyeganda mlangoni na daftari lake la shule, ukailenga shingo yake, na kidole kikaanza kukishukia kitufe, taratibu, huku mama akiung'ata mkono ule ule mpaka damu ikamjaa mdomoni, na bado kidole kinashuka.

"Shemeji," aliita kwa nguvu zake zote.

Mdogo wa mumewe alikuwa na bucha mlango wa pili. Alikuja mbio, shoka lake la mifupa bado mkononi.

"Kata mkono hapa. Usiniulize."

"Shemeji, mimi nakata ng'ombe."

"Kata, mtoto anakufa."

Pigo la kwanza halikutosha, akarudia. Mkono ulianguka na kamera yake, ukapapatika sakafuni kama kuku aliyechinjwa, ukatulia. Mama alimwona bintiye mzima, akacheka kwa furaha, kisha akazimia. Shemeji alimfunga kidonda kwa aproni, akatoka mbio kutafuta gari.

Aliporudi, mkono ulikuwa pale pale, umekunjuka, mtupu. Mtoto alikuwa amekaa kando yake na kamera. Ilikuwa imepungua, inatosha viganja vyake vidogo.

"Baba mdogo, simama hapo hapo," alisema kwa upole, akimlenga shingo. "Tazama ilivyonikaa."