Chupa Chini ya Kizingiti

Jioni ile nilikuwa na kazi moja tu, kumfungulia mteja mlango.

Tulitoka hospitali Wete baada ya sala ya alasiri, tukafika Msuka jua linazama. Gari ilikuwa ya Suhail, mfanyabiashara wa pweza kutoka Mkoani, aliyetaka nyumba ya kufikia huku kaskazini. Mke wangu Mize alikaa kiti cha mbele, miguu imevimba, kichwa amekiegemeza kwenye kioo. Ana maradhi ya moyo, na ile njia ya kwenda na kurudi ilikuwa ikimmaliza kuliko maradhi yenyewe. Daktari alituambia bila kuficha: hamieni karibu, au safari moja katika hizi hatorudi.

Ndiyo maana nilikuwa nauza nyumba aliyoniachia baba yangu. Na kwa haraka zangu nilikuwa nimeshatoa arubuni ya nyumba nyingine kule Wete kabla hii haijapata mnunuzi. Watu walinishangaa. Lakini nyumba ya Bwana Zahran ilikuwa nyuma tu ya hospitali, na aliitaja kwa bei ya chini mno. Nilipompa fedha ya kuishika, alinikabidhi na ufunguo wa akiba palepale. Yeye mwenyewe alikuwa halali mle, alikuwa amehamia kwa dada yake. Sikumuuliza kwa nini. Mtu aliyechoka haulizi mengi.

Nilipoingia kuikagua, kitu kimoja tu kilinishangaza. Harufu ya maziwa yaliyoungua. Jiko lilikuwa baridi, sufuria zimefunikwa, na mkewe Nihal yuko Maskati kwa ndugu zake tangu mfungo wa Ramadhani. Lakini mahali fulani mle ndani maziwa yalikuwa yanaungua... Nikafungua madirisha, nikaondoka.

Sasa nieleze la chupa. Nyumba yetu ya Msuka ilizindikwa tangu enzi za baba. Mganga alizika chupa nyeusi chini ya kizingiti, imezibwa kwa nta na kitambaa, na tangu hapo hatukusumbuliwa na lolote. Zindiko halihamishwi hivi hivi. Mganga huitwa, dua ikasomwa, nyumba ikaagwa, na wenyewe wakahama siku hiyo hiyo. Kwetu hakuna asiyelijua hilo. Mize alinikumbusha, tena kwa upole, kwamba nyumba ya Wete bado si yetu. Lakini mganga yule alishakufa, na mimi niliona uchungu kumuuzia mtu kinga ya baba yangu. Nikaichimbua mwenyewe kwa panga, nikaifunga ndani ya kikoi, nikaenda kuizika chini ya kizingiti cha Zahran. Nilitaka Mize akihamia, aikute inamngoja.

Usiku uleule Mize alizidiwa. Akalazwa Wete siku kadhaa, nami nikakaa naye. Nyumba ya Msuka ikabaki imefungwa kwa kufuli, na chini ya mlango wake hakuna kitu.

Basi jioni ile nikamfungulia Suhail. Nikamwambia atangulie, mimi naangalia shimo nililoliacha kizingitini. Nilikuwa nimelifukia vizuri. Sasa udongo ulikuwa umebonyea, kama uliokanyagwa na mtu anayeingia na kutoka kila siku.

Nikasikia hatua za Suhail ukumbini. Zikasimama. Nikasikia anasema "samahani, mama", kwa sauti ndogo.



Alitoka kinyumenyume. Hakunitazama mimi, alitazama gari.

"Mzee Shaame," alininong'oneza, "Bi Mize kapita mlango wa nyuma?"

"Wa nyuma nimeupigia misumari."

"Yuko chumbani, kakaa kitandani. Kanambia nyumba haiuzwi, yeye ndo kwanza kafika."

Tukageuka wote wawili. Mize alikuwa garini, kichwa kwenye kioo, amelala mdomo wazi kwa uchovu.

Hapo ndipo iliponifikia. Inatoka ukumbini, nzito, inakaba koo.

Maziwa yaliyoungua.

Suhail ni mtu wa adabu. Alinisaidia kumshusha Mize, tukamlaza barazani juu ya mkeka, akaomba radhi kwa kila neno alilolijua, akaondoa gari. Sikumlaumu. Nilivuta mlango kwa ncha za vidole, nikampigia simu Zahran. Nilitaka kumwambia jambo moja tu, kwamba kesho tunahamia kwake, deni lililobaki tutazungumza.

Hakuningojea nimalize salamu. Alisema alikuwa karibu kunipigia. Amerudi nyumbani kwake, amelala siku zote hizi vizuri kama mtoto, nyumba imetulia, na kwa hivyo haiuzi tena. Arubuni yangu atairudisha yote.

Nikamweleza kuhusu chupa. Nikasikia anavuta pumzi.

"Kila magharibi Nihal alikuwa akiniita jikoni," alisema mwisho. "Sauti yake khasa. Na Nihal yuko Maskati."

"Na sasa?"

"Sasa simsikii, alhamdulillahi."

Nikamwomba chupa yangu. Nilimwomba kwa jina la baba yangu, kwa jina la mgonjwa aliyelala barazani. Sikuona haya.

"Bwana Shaame," alisema taratibu, "ungelikuwa wewe, ungeichimbua?"

Akakata.

Nilikaa chini na simu mkononi. Nilichoka mpaka hasira ikakataa kuja. Kile kilichokuwa kwa Zahran, jina lake silijui wala sitaki kulijua, kilifukuzwa na zindiko la baba yangu, kikatafuta mlango usiolindwa. Na mlango huo niliufungua mimi, kwa panga langu.

Jirani yetu, Silima, alitukaribisha kwake. Mize akasema hawezi kuinuka hata kwa kubebwa, tumwache avute pumzi kwanza. Silima akatuletea chai na shuka, hakuuliza kitu, lakini aliviweka ukingoni mwa baraza bila kupanda. Isha ikaadhiniwa. Nikasali palepale, mgongo wangu ukiuelekea mlango, na sijapata kusali vibaya kama siku ile.

Nilipotoa salamu, nikaisikia.

"Baba Laila..."

Kutoka chumbani.

Laila ni binti yetu, na kwa jina hilo ananiita mtu mmoja tu duniani. Nilimtazama. Mize alikuwa macho, ameyatoa, kiganja amekiweka juu ya midomo yake mwenyewe.

"Baba Laila, njoo ndani. Maziwa tayari."

Nitasema ukweli, maana sina nguvu za kusema uongo. Sikuogopa kama nilivyopaswa. Sauti ile ilikuwa ya Mize, lakini Mize wa zamani, kabla ya hospitali. Haikuhema. Haikukatika katikati ya neno. Ilikuwa na ule mcheko mdogo mwishoni, ambao nilikuwa nimeusahau. Nilihisi machozi. Miaka yote hii nauza, nakopa, nakimbizana na njia ile ili niupate tena mcheko huo, na sasa uko hatua chache kutoka hapa, unaniita, umenitengea maziwa.

Kitu kikanivuta kanzu kwa nyuma. Ulikuwa mkono wa Mize, mzito, wa baridi.

"Kaa chini," alininong'oneza, akihema.

"Nimekaa."

"Hujakaa, Baba Laila."

Nikatazama chini. Nilikuwa nimesimama, mguu mmoja juu ya kizingiti, na mlango niliokuwa nimeufunga ulikuwa wazi.